Kamati ya Darubini

Jumatatu, 1 Septemba 1997

Magunia arobaini ya unga yamerudi leo. Shule moja ya bweni ndiyo iliyoyarudisha, pamoja na barua ya mistari miwili: mpishi amekuta manyoya. Barua haikusema manyoya ya nini. Haikuwa na haja. Ukiingia kwenye godauni yetu saa tatu asubuhi na kofia nyeusi, saa nne unatoka na kofia ya madoadoa.

Njiwa. Wamejaa kwenye vyuma vya paa, wanazaa, wanagombana, wanatunyea. Sumu haiwezekani, hii ni nyumba ya chakula. Kwa hiyo kampuni ina bunduki ya upepo, ile unayoikunja katikati na kutia punje moja ya risasi. Leseni yake iko kwenye fremu ofisini kwa Meneja, karibu na diploma yake. Mpigaji ni Mzee Kiilu, soja wetu wa mchana, mlinzi wa getini, mwanajeshi mstaafu. Hesabu ya Agosti niliiandika mwenyewe, maana mimi ndiye karani wa stoo: njiwa waliokufa, watatu. Mabati ya plastiki ya kuleta mwanga yaliyotobolewa, kumi na moja.

Meneja wetu, Bwana Mbuthia, alimwita Mzee Kiilu mbele yetu sote. Akamwuliza analenga njiwa au analenga kampuni. Mzee akasimama wima kama yuko gwarideni. Akasema si yeye, ni bunduki. Kile chuma cha kulengea kimechakaa. Ikifungwa darubini juu yake, njiwa watahama wenyewe.

Nilidhani Meneja atakasirika. Wapi! Uso ulimng'aa. Tangu niajiriwe sijaona mtu akipenda neno kama alivyolipenda neno hilo. Darubini. Alilirudia mara tatu. Kisha akaunda kamati.


Jumatano, 3 Septemba

Mkutano wa kwanza wa Kamati ya Darubini. Mwenyekiti, Bwana Mbuthia. Mweka hazina, Bwana Opicho wa uhasibu. Hazina ipi, sikuuliza. Mtaalamu, Mzee Kiilu. Katibu ni mimi, kwa sababu "mwandiko wako ni mzuri, Triza." Yaani kwa sababu mimi ndiye mwanamke, na mtu lazima aagize chai.

Saa mbili nzima. Sambusa kumi na mbili. Meneja alisema tunataka kitu kikubwa, cha kisasa, kinacholingana na hadhi ya kampuni. Opicho akauliza kama darubini itaona njiwa gizani. Akaambiwa gizani njiwa wamelala. Akasema si basi ndipo wangepigika vizuri. Hakuna aliyemjibu. Nikaandika: "Hoja ilijadiliwa kwa kina."

Mtaalamu hakusema neno mpaka chai ikaisha. Ndipo akasema taratibu, anaomba iwe ile yenye pete ya kuzungusha nyuma, mahali pa kuwekea jicho. Meneja akamwambia mambo madogo madogo tutayaangalia baadaye.

Azimio: bei kutoka kwa wauzaji watatu. Wa kwanza na wa pili nitafute mimi. Wa tatu Meneja anaye tayari. Sikujua kama bei hutafutwa kabla kamati haijazaliwa, lakini mimi ni katibu tu.


Ijumaa, 5 Septemba

Nimeingia duka la bunduki kwa mara ya kwanza maishani. Liko mjini, ghorofani, mlango wa vyuma viwili. Unabonyeza kengele, unaangaliwa, unasubiri, unaangaliwa tena.

Mwenye duka ni mzee mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni. Aliangalia viatu vyangu kwanza. Nikasema nataka darubini ya bunduki. Akauliza ya nani. Ya kampuni. Ya kupiga nini?

"Njiwa."

Akatoa mkono uliokuwa chini ya kaunta. Baada ya hapo alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao shuleni Bungoma. Nayaandika haya nisiyasahau:

Darubini huitwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta kitu karibu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele. Watu wasiojua hununua namba kubwa. (Nilimwona Meneja wazi kabisa wakati anasema hivyo.) Namba kubwa ni ya mtu anayepiga kitu kilicho ng'ambo ya bonde. Akauliza sisi njiwa wetu wako umbali gani. Nikasema mita ishirini na tano hivi, wakiwa mbali sana thelathini. Akacheka mpaka akavua miwani. Kwa umbali huo, akasema, darubini kubwa itakuonyesha ukungu mtupu. Mara nne inatosha na kubaki.

Jambo la pili, na hili alilisema akigonga kaunta kwa kidole: bunduki ya upepo ina springi ndani. Inapiga teke mbele na nyuma. Darubini iliyotengenezewa bunduki kubwa imezoea teke la upande mmoja tu. Ukiifunga kwenye ya upepo, matumbo yake yanakatika. Haijalishi umeinunua bei gani.

Akaniandikia bei ya ile ya mara nne. Nzuri, imara — na ingemeza mshahara wangu wa miezi miwili. Nilimshukuru. Nikashuka ngazi nikijiona mtaalamu.


Jumatatu, 8 Septemba

Jambo limenitia baridi leo.

Nilimpelekea Mzee Kiilu kumbukumbu za mkutano atie sahihi. Akazichukua, akanyoosha mkono mpaka mwisho, akazirudisha karibu, akazipeleka tena mbali. Kisha akatia sahihi juu ya jina la Opicho. Mwandiko mzuri, imara, katikati kabisa ya jina la mtu mwingine.

Nilimwonyesha juu kwenye chuma cha paa, nikamwuliza, "Mzee, yule pale ni dume au jike?"

Akaangalia kwa muda. "Jike."

Lilikuwa tambara. Fundi wa umeme alilisahau pale mwezi wa sita.

Nadhani aliona uso wangu, au alisikia kimya changu. Akakaa juu ya gunia, akavua kofia. Akaniambia ni mwaka wa tatu sasa. Yalianza kwa maandishi, yakafuata sura za watu, sasa hata njiwa ni kijivu juu ya kijivu. Anapiga kwa kusikia mabawa. Nikamwuliza mbona haendi kutafuta miwani. Akasema mkataba wake unasema soja mwenye silaha awe na macho kamili bila msaada. Siku atakayovaa miwani getini ndiyo siku atakayotoka nayo getini. Ana binti kidato cha tatu kule Makueni. Jeshini alikuwa mpigaji wa kwanza katika kikosi chake miaka minne mfululizo, alinitajia miaka yenyewe.

"Sasa ile pete ya nyuma ya darubini," nikasema.

"Ile inazungushwa mpaka ikubaliane na jicho lako," akasema. "Hakuna anayejua umeizungusha kiasi gani. Hata daktari."

Kwa hiyo bunduki haina ubaya wowote. Haikuwa nao tangu mwanzo. Kamati nzima, chai yote ile, imeundwa juu ya macho ya mzee mmoja, na sasa tunaojua ni yeye na mimi. Nimetembea hadi nyumbani Kaloleni, nikavuka reli bila kukumbuka nimeivuka. Ningemwambia Meneja? Nimejiuliza kwa uaminifu. Hapana.


Jumamosi, 13 Septemba

Tulienda mtaa wa Isilii, mimi na Mzee Kiilu. Yeye alivaa koti la suti na tai, kana kwamba anaenda kuposa.

Kila mtu anajua bidhaa za Dubai zinashukia pale, lakini darubini ya bunduki huwezi kuiulizia barabarani, hasa mwaka wa uchaguzi. Tuliingia duka hadi duka tukiulizia "miwani ya mbali". Tulionyeshwa miwani ya jua, saa za ukutani, na televisheni. Mwisho tulimpata Deeqa. Ana kibanda cha vitambaa, upana wake kama kitanda. Alikimbia Mogadishu mwaka wa tisini na moja na mashine moja ya kushona, sasa anauzia maduka ya jumla. Alitusikiliza bila kuinua kichwa kwenye kitabu chake, kisha akaingiza mkono chini ya marobota ya shifoni.

Mara nne. Kioo cha milimita thelathini na mbili. Pete ya kuzungusha nyuma! Nilijizuia nisimkumbatie.

Akatueleza ilivyofika kwake. Mzee mmoja wa Garissa alimwagiza darubini ya kuangalia ngamia wake wakiwa mbali. Ilipokuja, akaangalia, akaona msalaba mweusi katikati ya ngamia wake bora. Akairudisha palepale. Akasema hawezi kumwangalia mnyama wake namna hiyo.

Nikaanza maswali yangu ya duka la mjini. Inavumilia springi? Deeqa akasema yeye ni mtu wa vitambaa, lakini kitu kizuri hakiogopi kujaribiwa. Akamimina maji ya moto na baridi kwenye beseni, akaizamisha nzima. Tukainama watatu juu ya beseni kama tunafua. Hata povu moja halikutoka. Akaifuta, akaifunga kwa kanga, akaigonga mezani mara ishirini, huku na huku. Akanipa niangalie. Msalaba umesimama palepale.

Ndipo Mzee Kiilu akaichukua. Akasimama mlangoni, akaelekeza ng'ambo ya njia. Akazungusha pete. Akaendelea kuzungusha. Watu walikuwa wanapita, mmoja akamsukuma, hakutingishika.

Kisha akaanza kusoma, polepole, kama mtoto wa darasa la pili: "Vitambaa... vya jumla... na rejareja." Akasogeza kidogo. "Usiegemee... kioo."

Hakuishusha. Deeqa alinitazama, nikamtazama. Akaingia ndani kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari.

Bei aliyosema ni sehemu ya sita ya ile ya mjini. Akatuandikia kwenye karatasi yenye mhuri. Alipokuwa anagonga mhuri akauliza, kwa nini hatuzibi tu mianya ya paa kwa waya, njiwa wasiingie?

Hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo kwenye kamati.


Jumatano, 17 Septemba

Mkutano wa pili. Nimerudi na hasira, mwandiko wenyewe unaonyesha.

Nilisoma bei ya mjini. Nikasoma ya Isilii. Nikaeleza namba, springi, umbali, beseni la maji. Nikataja na waya wa kuziba paa. Meneja akasema waya si sehemu ya hadidu za rejea za kamati hii.

Kisha akatoa kijitabu cha rangi. Nyota Tatu Agencies. Mwenye Nyota Tatu ni shemeji yake, kila mtu ofisini anajua, hata kijitabu kililetwa kwenye bahasha yenye jina la dada yake. Darubini ya mara ishirini na nne. Kioo cha mbele kama mdomo wa kikombe. Bei — nimeiandika kwenye kumbukumbu rasmi, sitaki kuiandika na hapa.

Nikasema muuzaji wa mjini alionya juu ya namba kubwa. Meneja akatabasamu. Akasema muuzaji anayekwambia usinunue kitu ghali lazima ana jambo. Na ile ya Isilii? Kitu cha bei hiyo hakiwezi kuwa kizuri. Kingekuwa kizuri kingekuwa na bei.

Mtaalamu akaulizwa. Mzee Kiilu akasema, kwa heshima, ile ndogo inatosha.

"Mzee," Meneja akasema, "wewe ulizoea bunduki za zamani."

Kura mbili kwa moja. Opicho aliinua mkono kabla hajaulizwa swali. Katibu hana kura.


Jumatatu, 29 Septemba

Darubini imefika kwenye sanduku lenye kitambaa cha bluu ndani. Tuliitwa wote, hata wapakiaji. Meneja alitoa hotuba fupi kuhusu karne ijayo.

Ni ndefu kuliko mkono wangu kutoka kiganja hadi kiwiko. Ilipofungwa, bunduki ikainama mbele kama mtu aliyebebeshwa gunia kichwani. Meneja akaangalia wa kwanza. Akasogeza kichwa. Akakisogeza tena.

"Safi kabisa," akasema. "Naona mpaka ukucha wa njiwa."

Opicho akaangalia. Naye akaona ukucha. Nikapewa mimi: uji. Uji wa kijivu, mzito, usio na chochote ndani yake. Nikazungusha kila kilichozunguka, ukawa uji mwepesi. Niliwaangalia wale wanaume wawili walioona ukucha, nikasema asante, nikampa Mzee Kiilu.

Punje kumi. Njiwa, sifuri. Bati la plastiki, moja. Wapakiaji walicheka, wakajifanya wanakohoa. Mzee hakumwangalia mtu.


Ijumaa, 3 Oktoba

Imekufa. Siku tano! Asubuhi ya leo msalaba wa ndani ulikuwa umelala upande kama alama ya kuzidisha. Ukiitikisa inalia kama kayamba. Mzee wa mjini alisema yote haya, hatua kwa hatua.

Shemeji alipigiwa simu. Akasema waranti haihusu kuifunga kwenye "bunduki ya kuchezea". Meneja alifunga mlango, tukamsikia akiongea Kikuyu kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshapata mkosaji.

Barua nimeipiga taipu mimi mwenyewe. Kwamba kifaa cha kisasa kimeharibiwa na utumiaji mbaya. Kwamba kuna mashaka juu ya uwezo wa mpigaji. Kwamba Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye kampuni, atatembelea godauni Jumanne tarehe saba kwa sababu mteja wa pili amerudisha unga, na mpigaji atapiga punje kumi mbele yake. Chini ya njiwa watano, mkataba unakwisha mwezi huu. Darubini itakuwa imetengenezwa kufikia siku hiyo na mtu wa Nyota Tatu.

Niliipeleka getini. Mzee Kiilu akaishika mbali, kisha karibu. Akanirudishia.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akaikunja vizuri mara nne, akaitia mfukoni. Akanishukuru kwa kusoma wazi.


Jumamosi, 4 Oktoba

Mwezi huu ilikuwa zamu yangu ya kupokea pesa za chama. Nilikuwa nimepanga kununua godoro. Leo nimelala kwenye lile la zamani, na darubini iko juu ya kabati.

Deeqa alipunguza bei bila kuombwa. Akaniuliza yule mzee anaendeleaje. Nikamweleza yote, pamoja na ukucha. Hakucheka. Akasema kwao alikuwa na mjomba karani wa bandari, aliyejifanya anaona kwa miaka sita.

Nilirudi kwa miguu kupitia Pumwani. Karibu na msikiti nikasimamishwa na maaskari wawili waliokuwa wanakagua mifuko. Mmoja akaitoa ile darubini.

"Bunduki iko wapi?"

Nikawapa barua ya kampuni yenye mhuri, ile niliyopewa ya kutafutia bei. Akaisoma kwa sauti: kwa ajili ya kudhibiti njiwa. Wakatazamana. Yule mdogo akaiweka jichoni, akaelekeza kibanda cha chai upande wa pili. Akatangaza kwamba mama wa kibanda anaongeza maji kwenye maziwa. Mwenzake akampokonya ahakikishe. Nilisimama pale kama nusu saa wakati sheria inaangalia maziwa. Mwishowe wakanirudishia kwa heshima, wakaniambia niitunze, kitu safi sana hiki. Ukimtoa Mzee Kiilu, hao walikuwa wa kwanza kuona kitu kwa darubini na kusema wanachokiona kweli.


Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya ibada nilienda kazini, Mzee alikuwa zamu. Alikuwa ametandika gunia chini na kupanga vifaa vyake: bisibisi, kitambaa, senti moja ya zamani.

Akaifunga yeye mwenyewe. Akabandika kifuniko cha chupa ya soda ukutani, hatua thelathini. Akapiga, akaenda kuangalia kwa kidole, akarudi, akageuza skrubu ya juu kwa ile senti. Akapiga. Akageuza ya pembeni. Hakuharakisha chochote. Nilikaa juu ya magunia, nikamtazama mtu akifanya kazi anayoijua. Sikumbuki lini nimeona hivyo tangu niajiriwe hapa.

Punje ya saba ikakitoboa kifuniko. Ya nane pia. Ya tisa ilipita kwenye tundu la ya nane.

Akakaa kando yangu. Akasema jambo ambalo halikuhusu njiwa. Kwamba Jumamosi ile Isilii aligeuza darubini, akaniangalia mimi na Deeqa kule ndani. Kwamba hakuwa akijua nina kovu kidevuni. Miaka mitatu tunasalimiana kila asubuhi.


Jumanne, 7 Oktoba

Mkurugenzi alikuja saa nne na dereva. Mzee mnene, mpole, anayeuliza maswali mafupi. Meneja alikuwa amevaa suti ya harusi.

Mzee Kiilu akatoka nyuma ya magunia na bunduki begani. Juu yake, ile ndogo; ile kubwa iliyotengenezwa ilibaki sandukuni.

Nilimwona Meneja akiiona. Mdomo ulifunguka. Lakini Mkurugenzi alikuwa amekwisha kusema, "Haya, tuone."

Wa kwanza alianguka kabla sijajiandaa. Wa pili akamwangukia Opicho karibu na kiatu. Wa tatu, wa nne. Wapakiaji waliacha kazi, mmoja akanong'ona kwamba mzee leo ni noma. Punje kumi, njiwa wanane, na wale wawili aliowakosa walitoka nje kupitia tundu la paa na hawakurudi mpaka jioni. Hakuna bati lililoguswa.

Mkurugenzi akaomba bunduki. Akaigeuza.

"Hii ndiyo darubini niliyoisainia?"

Nilisikia injini ya lori barabarani.

"Ndiyo, Mkurugenzi," akasema Bwana Mbuthia.

"Kwa ile bei nilitegemea kitu kikubwa."

"Teknolojia, Mkurugenzi. Siku hizi wanavipunguza."

Mzee Kiilu alikuwa anatazama mbele, wima. Mimi nilitazama kalamu yangu. Mkurugenzi akampiga Meneja begani. Akasema agiza nyingine tano, za godauni za Nakuru na Eldoret na kwingineko, muuzaji yuleyule. Na huyu mzee azunguke kuwafundisha masoja wa huko.

Tulimsindikiza hadi garini. Wote tulikuwa tunatabasamu, kila mtu na sababu yake.


Alhamisi, 9 Oktoba

Kesho ni sikukuu, ofisi karibu tupu. Naandikia hapa mezani, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Asubuhi ililetwa fomu kutoka makao makuu. Mfanyakazi yeyote anayesafiri kwa kazi apimwe afya. Mstari wa nne: macho, bila msaada wa miwani. Niliiangalia mpaka chai yangu ikapoa.

Saa nane Meneja akaniita. Alifunga mlango, akanikaribisha kiti, jambo la kwanza hilo. Hakuuliza ile ndogo imetoka wapi. Nadhani anajua. Aliongea kwa upole sana. Alisema yeye si mjinga, amemwona Mzee Kiilu akishika karatasi. Alisema fomu inaruhusu msimamizi wa kazi kuthibitisha mwenyewe, bila daktari, kama ameshuhudia uwezo wa mtu. Yeye ameshuhudia. Njiwa wanane! Yuko tayari kutia sahihi leo.

Kinachobaki ni kumbukumbu za Jumanne. Zitaambatanishwa na oda ya zile tano. Anaomba tu ziseme wazi kwamba darubini iliyotumika ni ya Nyota Tatu Agencies, modeli ya mara ishirini na nne. Sahihi ya katibu chini. Saa kumi atapita kuzichukua.

"Tunasaidiana, Triza," akasema.

Nilienda getini, nikamweleza Mzee Kiilu yote, neno kwa neno. Nilidhani atafurahi, au atanisihi. Alikuwa anamwandikia dereva wa lori pasi ya kutokea, uso ukiwa karibu na kitabu kama anakinusa. Akamaliza. Lori likapita.

"Masoja wa Eldoret," akasema. "Watapewa zile kubwa?"

"Ndiyo."

"Na zikivunjika?"

Barua ile ya kumlaumu yeye niliipiga taipu mimi.

Saa tisa unusu akaja hapa ofisini. Hajawahi kuingia bila kuitwa. Alikuwa ameifungua ile ndogo kutoka kwenye bunduki, ameifunga kwa kitambaa chake. Akaipapasa meza mpaka akapata mahali pa wazi, akaiweka mbele yangu. Akasema ni mali yangu, na isiwe sababu ya mimi kuandika chochote. Kisha akatoka. Kwenye kizingiti aligusa ukuta kwa vidole, kama kawaida yake. Zamani nilidhani ni mazoea tu.

Saa kumi kasoro dakika tano. Nimeandika tarehe. Nimeandika waliohudhuria. Nimeandika "Darubini iliyotumika ni", na wino umekauka hapo.

Nasikia viatu vyake kwenye korido, vile vya suti ya harusi. Anaongea na Opicho, wanacheka. Darubini iko juu ya meza, katikati, mahali ambapo mtu akifungua mlango ndicho kitu cha kwanza atakachoona. Droo iko wazi karibu na goti langu. Sijaitia ndani.